Wingi unakaa wapi? Yi na ñi za Kiwolof, na jedwali la "les"

Leo naomba munivumilie, juu nitazungumza habari ya silabi mbili tu: yi na ñi. Ni silabi za Kiwolof, lugha kubwa ya Senegal. Najua kuna mwenye atauliza: weye mtu wa Katanga, Kiwolof inakuhusu nini? Jibu ni fupi. Nilisoma Dakar miaka miwili. Ile lugha nilijifunza sokoni, ndani ya basi na katika nyumba tuliyopanga na wanafunzi wengine, na mangaribi nilikuwa najisaidia na vile vitabu vidogo vya kujifunzia vinavyoandikwa kwa Kifaransa. Lugha ilinipokea vizuri. Vitabu ndivyo niko na maneno navyo.

Katika vitabu vya namna ile, karibu na mwanzo, utakuta jedwali. Upande mmoja: le, la, les. Upande wa pili: bi, gi, ki, wi na wenzao, na chini kabisa yi na ñi. Kichwa kinasema hizi ni artikle, yaani yale maneno madogo ambayo Kifaransa kinaweka mbele ya jina. Mwanafunzi anakariri: "le" ni bi, "les" ni yi. Anafunga kitabu, anaenda kununua samaki, anaeleweka. Hilo silikatai. Lakini jedwali limemuficha karibu kila kitu chenye maana, na sisi watu wa Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona, sababu kitu kile kile tunalala nacho nyumbani.

Tuchukue mifano, polepole. (Kwa kusoma: ñ ni kama ny ya "nyama", x ni kama kh, c ni kama ch, na ë ni kama e ya "le" ya Kifaransa.) Xale ni mtoto. Xale bi ni yule mtoto tunayemujua. Xale yi ni wale watoto. Angalia xale yenyewe: haikuguswa, hakuna kilichoongezwa mbele wala nyuma. Kër ni nyumba: kër gi ni ile nyumba, kër yi ni zile nyumba. Fas ni farasi: fas wi, fas yi. Garab ni mti, tena ni dawa, kama vile kwetu dawa inavyotoka mitini: garab gi, garab yi. Nit ni mtu: nit ki, na kwa wingi nit ñi. Jigéen, mwanamuke: jigéen ji, jigéen ñi.

Unaona mchezo. Kwa umoja Kiwolof kiko na konsonanti nane: b, g, j, k, l, m, s, w. Kila jina liko na yake, na huwezi kulipatia ya jirani bila watu kucheka. Kwa wingi konsonanti zinabaki mbili: y na ñ. Nane zinaingia katika mbili, na jina limesimama pale pale, halisogei. Mtu wa Kibantu akiona hivyo hapaswi kuuliza artikle ni nini. Anapaswa kusema: hizi ni ngeli! Kiwolof na lugha zetu za Kibantu ziko katika familia moja kubwa, ile wataalamu wanaita Niger-Kongo, na ngeli ni mali ya ukoo.

Kumbe jambo hili halikuwa siri. Mwaka 1943 Léopold Sédar Senghor, mwenye alikuwa mwalimu wa sarufi miaka mingi kabla ya kuwa rais, alichapisha makala juu ya ngeli za majina katika Kiwolof na juu ya majina yanayoanza na sauti za puani. Ngeli! Ni neno hilo alilotumia. Basi kama mwaka 1943 mtu wa Senegal mwenyewe alikwisha kuandika hivyo, kwa Kifaransa safi ambacho hakuna Mfaransa angekipinga, sababu gani vitabu vya wanaoanza vinaendelea kutuuzia le na les? Nafikiri ni uvivu wa soko. Kitabu kinauzwa kwa mtu anayejua Kifaransa, basi kila kitu kinavalishwa shati la Kifaransa.

Tujaribu lile shati kama linamufaa yi.

Kwanza, umbali. Xale yi ni watoto walio karibu na mimi ninayesema, au wako karibu katika mazungumzo. Xale ya ni watoto walio mbali, au wa wakati uliopita. Irabu moja tu inabadilika, i inakuwa a. Na ni hivyo kwa zote: bi na ba, gi na ga, ñi na ña. "Les" ya Kifaransa haijui mbali wala karibu. Ukisema "les enfants", wanaweza kuwa mlangoni au Brazzaville, ni mamoja. Sisi tunajua: hawa, wale. Lakini Kiwolof kiko hata na kitu cha kati ambacho sisi hatuna, juu ukirefusha irabu, xale yii, hapo njo unaonyesha kwa kidole: watoto hawa. Kwa hiyo yi fupi inakaa katikati ya "les" na "hawa". Jedwali lenye nguzo mbili halina mahali pa kuiweka.

Pili, kusimama peke yake. "Les" haiwezi kuishi bila jina. Hakuna Mfaransa atakayesema "les que j'ai achetés". Atatafuta neno lingine, "ceux". Lakini Kiwolof kinasema téere yi ma jënd, vitabu nilivyonunua, na jina likisha kujulikana kinasema yi ma jënd, vile nilivyonunua. Kinasema ñi dem, wale waliokwenda. Yi na ñi zinabeba sentensi nzima mgongoni bila jina lolote kuzisaidia. Hapa Kiswahili kinasimama na Kiwolof bega kwa bega: "zile nilizonunua", "wale waliokwenda". Mwanafunzi wa Lubumbashi angeelewa kwa dakika moja kama kitabu kingemwambia "yi ni kama zile". Kinamwambia "yi ni les", na anahangaika wiki nzima. Akikutana na xale yi dem Dakar, anaisoma kama sentensi iliyokamilika, watoto kwenda Dakar, kumbe mara nyingi pale ni "watoto waliokwenda Dakar" na habari yenyewe bado inakuja. Kwa kusema watoto wamekwenda Dakar, Kiwolof kinaongeza kitu: xale yi dem nañu Dakar.

Tatu, ndugu zake. Y haikai kwa artikle tu. Ay xale, watoto fulani, usiowajua bado. Xale yu ndaw, watoto wadogo. Samay xale, watoto wangu, wakati mtoto mmoja ni sama xale. Yan?, zipi? Kila kinachoizunguka jina kinavaa ile y, jina peke yake halivai kitu. Hizi si silabi za sanduku linaloitwa "artikle". Ni upatanisho wa kisarufi, ule ule tulioteswa nao darasa la tano: hiki, hivi, changu, vyangu, kipi, vipi.

Sasa, lazima niwe wa haki, juu kuna jambo moja ambalo jedwali linakaribia kulisema na halisemi. Chukua Kifaransa, lakini kile cha mdomo, achana na cha karatasi. Sema kwa sauti: la maison. Sasa sema: les maisons. Jina limebadilika? Masikio hayasikii kitu. Ile s ya mwisho iko kwenye karatasi tu. Kwa majina mengi sana ya Kifaransa, wingi unasikika mahali pamoja tu, katika lile neno dogo la mbele: la, les, ma, mes, ce, ces. Kumbe Mfaransa anayeongea anafanya kama Mwolof: anaacha jina lilale, wingi anaupatia jirani. Kama kitabu kingesema hivyo, "les" ingekuwa mfano mzuri kabisa. Lakini shule imetufundisha Kifaransa cha s, na s imetufunga macho. Tunaamini wingi ni alama inayobandikwa kwa jina, na lugha isiyobandika tunaiona maskini.

Hilo la umaskini nililisikia kwa masikio yangu. Mwanafunzi mwenzetu kule Dakar, si Msenegali, alikuwa anasema Kiwolof ni lugha nyepesi, "hata wingi haina". Haina! Iko na y kwa kila jirani wa jina, lakini kwa kuwa hakuona s akaamua hakuna wingi.

Ngoja niseme pia juu ya ñi, maana hapo vitabu vinapoteza watu zaidi. Vingine vinatoa kanuni ya mstari mmoja: ñi kwa watu, yi kwa vitu. Ni nzuri kukariri. Ni ya uongo. Nit ñi, ndiyo. Góor ñi, wanaume, ndiyo. Jigéen ñi, gan ñi (wageni), mag ñi (wakubwa, wazee), sawa. Lakini watoto ni xale yi. Walimu ni jàngalekat yi. Wafalme, buur yi. Mtoto, mwalimu na mfalme wote ni watu, hakuna mtu kule anayewahesabu kama vitu. Ukweli ni kwamba ñi imebaki na kikundi kidogo cha majina ya watu, na yi imechukua wengine wote, watu kwa vitu. Kwetu ba- (au wa- ya vitabuni) inakamata watu wote, tena inavuta hata wanyama kwenye upatanisho. Kule ñi imejifungia na familia chache za zamani. Mwanafunzi aliyekariri kanuni ya watu na vitu atasema xale ñi, na wale watoto wenyewe watamusahihisha.

Kuna jambo lingine la wingi ambalo nalipenda, na sijawahi kulikuta kwa vile vitabu vidogo. Umoja unatenga, wingi unachanganya. Neno ndaw: ukisema ndaw si, ni msichana, mwanamuke kijana. Ukisema ndaw li, ni mjumbe, mtu aliyetumwa. Jina ni moja, konsonanti njo inachagua maana. Sasa peleka zote kwa wingi: ndaw yi. Wasichana? Wajumbe? Mazungumzo yataamua. Vile konsonanti nane zinaporudi kuwa mbili, kazi ya kutenga maana inapotea njiani, na Wawolof wanaishi nayo bila shida. Nikiona hivyo nashindwa kukubali wanaosema ngeli ni pambo la kizamani. Katika umoja ngeli inafanya kazi ya kamusi.

Jina lenyewe, je, halibadiliki hata siku moja? Yako machache yanayobadilika. Jicho ni bët bi, macho ni gët yi. Mkono ni loxo bi, mikono ni yoxo yi. Jino, bëñ bi. Meno, gëñ yi. Kitu, këf ki. Vitu, yëf yi. Sauti ya kwanza inageuka. Unaona ni maneno ya namna gani: jicho, mkono, jino, maneno ambayo mtoto anayasikia kila siku. Ni mabaki ya utaratibu wa zamani ambapo jina lenyewe lilibeba alama. Jirani yao Pulaar bado wako na utaratibu ule mzima: mmoja ni Pullo, wengi ni Fulɓe, na sauti ya kwanza inageuka pamoja na mwisho wa neno.

Hapa nakumbuka ugomvi ambao kila Msenegali aliyesoma anaujua. Serikali ya Senghor ilitoa amri za kuandika lugha za taifa mwaka 1971, na nyingine mwaka 1975 juu ya tahajia na namna ya kutenganisha maneno katika Kiwolof na Kiserer. Mwaka 1977 Ousmane Sembène akatoa filamu yake Ceddo. Filamu ikazuiliwa nchini, na sababu iliyosemwa ni kwamba jina limeandikwa na d mbili mahali pa d moja. Watu walicheka wakati ule na bado wanacheka, juu wengi waliamini kisa cha kweli kiko ndani ya filamu, yale inayosema juu ya dini na utumwa. Lakini mimi ninapotazama lile neno naona kitu kingine. Ceddo katika Pulaar ni mtu mmoja; wakiwa wengi ni sebbe. Kiwolof kinasema ceddo kwa mmoja, na wakiwa wengi, ceddo yi. Wingi wa Pulaar unaokaa ndani ya neno umetupwa mpakani, na Kiwolof kimeweka wingi wake pale kinapouweka siku zote, kwa jirani. Neno moja, lugha mbili, mahali pawili pa wingi. Wakubwa walikuwa wanagombana juu ya d.

Fasihi nayo inaonyesha. Mwaka 2003 Boubacar Boris Diop, mwandishi ambaye wengi wetu tulimsoma kwa Kifaransa kwanza, alitoa riwaya kwa Kiwolof, Doomi Golo. Mwaka 2009 akaitoa mwenyewe kwa Kifaransa: Les petits de la guenon. Linganisha hivyo vichwa viwili. Doom ni mtoto wa kuzaa, golo ni nyani. Mtoto mmoja wa nyani angekuwa doomu golo. Wengi, doomi golo. Wingi wote umo katika ile i ndogo inayounga majina mawili, na hakuna yi, hakuna "wale". Ni watoto wa nyani tu, nyani gani hatujaambiwa, dume au jike hatujaambiwa. Kifaransa hakiwezi kukaa kimya namna hiyo. Kimelazimika kuweka "les", kimelazimika kuweka "la", na mwisho nyani amekuwa jike. Simulaumu mwandishi, lugha aliyokuwa anaandika ndiyo inayodai. Lakini mtu akikueleza kwamba artikle ya Kiwolof ni "les", mwonyeshe hicho kichwa: "les" imeingia mahali ambapo Kiwolof hakikuweka artikle yoyote. Kiswahili kingesema "Watoto wa Nyani" na kingekuwa karibu zaidi na Doomi Golo kuliko Kifaransa, kwa juhudi ya bure.

Sasa turudi nyumbani, maana sikuandika haya yote kwa ajili ya Dakar peke yake.

Rafiki yangu, mwanafunzi wa isimu hapa kwetu, alitaka kufanya TFC yake juu ya wingi katika Kiswahili cha Lubumbashi. Mwalimu mmoja, jina naliacha, alimurudishia karatasi: ile si lugha ya kuandikia TFC, ni Kiswahili ya kuvunjika, upatanisho hakuna. Rafiki akabadilisha kichwa. Ameandika juu ya kitu kingine ambacho hakipendi, na amepata alama nzuri.

Tufanye kile ambacho mwalimu hakufanya, tuangalie. Kiswahili cha vitabuni kiko na majina mengi yanayofanya sawasawa kama Kiwolof: nyumba, nguo, ndizi, barua, meza. Nyumba yangu, nyumba zangu. Nyumba hii, nyumba hizi. Jina limelala, wingi uko kwa jirani: z inafanya kazi ya y. Hakuna profesa wa Dar es Salaam wala wa Nairobi atakayekuambia nyumba haina wingi. Basi ukitaka kumueleza mtu wa Kiswahili yi ni nini, huna haja ya "les". Mwambie: fikiria lugha ambamo karibu kila jina ni kama "nyumba". Sentensi moja, na amemaliza somo ambalo kitabu kinalichukulia kurasa kumi.

Mitaani kwetu ile z imekufa, au iko karibu kufa. Tunasema nyumba yangu kwa moja, na kama tungesema nyumba yangu kwa nyingi, nani angejua ni ngapi? Lugha haikukaa na hiyo shida. Imechukua ma- na kuibandika mbele: manyumba yangu, manguo yangu. Wanafunzi wa Kiswahili fasaha wanashika kichwa wakisikia manyumba. Mimi naona kazi ya fundi. Wingi ulikuwa unakaa kwa jirani, jirani amehama, wingi umehamia ndani ya jina. Kiwolof kilifanya safari ya kinyume: majina yalipoteza alama zao karibu zote, wingi ukahamia kwa jirani. Malalamiko nayo yanapishana njiani. Kiwolof kinaitwa maskini kwa sababu jina halibadiliki. Sisi tunaitwa watu wa kuvunja kwa sababu jirani habadiliki. Haiwezekani malalamiko yote mawili yawe kweli, isipokuwa kama kipimo ni Kifaransa cha karatasi ambacho jina na jirani wote wanavaa s, na hata hicho kikifunguliwa mdomo s haisikiki.

Dakar pia wako na "kuvunjika" yao. Vijana wa mjini wanatumia bi kwa majina ambayo wazee wanayapatia gi au wi au si, na wazee wananung'unika kama wa kwetu wanavyonung'unika. Konsonanti nane zinaelekea kuwa moja. Lakini yi haijatikisika. Kijana anayesema bi kwa kila kitu, akifika kwa wingi anasema yi kama bibi yake. Lugha inaweza kuacha kutenga farasi na mti, lakini kati ya mmoja na wengi bado inatenga. Mwenye kutaka kuandika juu ya lugha za miji mikubwa ya Afrika, Dakar na Lubumbashi kwa pamoja, yuko na TFC nzuri hapo, hata tasnifu. Vitabu vya "les" havitamusaidia, na mwalimu wa "kuvunjika" hatamusaidia.

Rafiki yangu hakuacha kabisa. Jioni anapita Kenya na Katuba, anaandika kwenye daftari yale wanawake wa sokoni wanayosema, bila kumwambia mtu wa chuo. Juzi alinitumia sentensi moja ya mama muuza makala: "Bale batoto yangu banaenda ku masomo." Hesabu: bale, batoto, banaenda. Ba- tatu, zote mahali pake, kwa kionyeshi, kwa jina na kwa kitenzi. Ni yangu tu iliyobaki na ya-. Swali lake kwangu lilikuwa: kwa nini ni kwa "yangu" upatanisho umeachia, na kwa "bale" umeshikilia? Bado tunalitafutia jibu, na daftari iko na kurasa zingine arobaini.